KIJIWE KILICHOIMBISHA REDIO YA BABU
Na Mwandishi Wetu, Mpanda

KWAKO wewe mtoto wa mjini wa leo, redio ni kitu kilichojificha ndani ya simu. Unabofya, muziki huo unamwagika. Lakini hebu muulize babu yako. Atakuambia kuwa zamani redio ilikuwa mtu mzima ndani ya nyumba. Ilikuwa na kiti chake, ilikuwa na koti lake la ngozi, na mtoto akiigusa bila ruhusa alikula kofi.

Babu yangu alikuwa nayo moja. Alipofariki tuligawana vitu vyake, na mimi nikaangukiwa na hiyo redio. Wenzangu walicheka. "Mwenzetu kapata takataka," walisema. Ilikuwa haijasema neno kwa miaka mingi. Mlango wa betri ulikuwa umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na ndani betri zilikuwa zimevuja mpaka kutu imekuwa ya kijani.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee hapa Mpanda mjini, kule Makanyagio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea mgonjwa gani?"

Akaipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto. Akafungua skrubu taratibu. Pembeni yake alikaa kijana wake wa kazi, umri wa miaka 19 hivi, ambaye macho yalikuwa kwenye simu. Mzee akapuliza vumbi, akavaa miwani, halafu akanionyesha kwa ncha ya bisibisi vikopo vidogo vya bati, kila kimoja kikiwa na miguu mitatu, ukubwa wa punje ya mahindi. Ubavuni vilikuwa na maandishi yaliyoanza na 2SB.

"Unaona hizi?" akasema. "Hizi ni transista za Mjapani. Na siyo hizi za siku hizi. Hizi ni za jemaniamu."

Yule kijana akainua macho kutoka kwenye simu. "Jemaniamu ndiyo nini, mzee?"

"Ni jiwe," mzee akajibu. "Jiwe kama hayo unayotaka kwenda kuyafukua Ibindi. Tofauti ni kwamba hili lilikutana na watu wenye subira."

Hapo ndipo nikajua kuna kisa. Kijana huyo, kumbe, alikuwa na wiki moja ya kuamua: abaki kwenye meza ya ufundi, au aungane na washkaji zake machimboni kutafuta dhahabu. Mzee hakumkataza. Alimwambia tu, "Nenda, lakini kwanza sikiliza habari ya hiki kikopo." Nami nikavuta kigoda. Nilipotoka pale nikaenda kuifuatilia habari yenyewe, na haya ndiyo niliyoyapata.

KABLA YA TRANSISTA

Redio za mwanzo zilitumia valvu. Valvu ni kitu kama balbu ya kioo, ndani kuna nyuzi zinazowaka. Inakula umeme kama ng'ombe wa kiangazi anavyokunywa maji, inatoa joto, na ukiiangusha imekwenda. Mtu asiye na umeme wa ukutani alilazimika kuwa na betri kubwa na nzito.

Majirani zetu wa Zambia, wakati huo Rhodesia ya Kaskazini, walijaribu njia yao. Mwaka 1949 ilitoka redio ya valvu ya bei nafuu kwa ajili ya Waafrika, umbo lake duara kama sufuria, na watu wakaiita hivyo hivyo, redio ya sufuria. Bei ilikuwa pauni 5, na betri unanunua mbali. Kwa mtu wa kipato cha chini wakati ule, hiyo siyo hela ya kuchezea.

Hapa kwetu, Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Lakini kurusha ni jambo moja, kusikika ni jambo lingine. Redio ya valvu ilikuwa ya bwana shauri, ya mfanyabiashara, ya klabu. Mkulima wa Kakese au mvuvi wa Karema alisikia habari kwa mdomo, tena zikiwa zimeshapinda njiani.

MPANDA NAYO ILIKUWA NA JIWE LAKE

Sasa hapa ndipo mtoto wa Mpanda anapaswa kukaa vizuri. Mji wetu huu haukuota kama uyoga. Uliletwa na jiwe. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi pale Mukwamba, na risasi hiyo ilikuja pamoja na shaba, fedha na dhahabu. Reli ya kutoka Kaliua, kilomita 210 hivi, ilijengwa kwa sababu ya mgodi huo na ikafika hapa mwaka 1950. Treni unayoisubiri stesheni ukiwa na mabegi na kuku, njia yake ilijengwa kubeba mawe.

Na jiwe lenyewe ni jiwe gani? Madini ya risasi yanayojulikana zaidi duniani yanaitwa galena. Ni mazito, yanang'aa kijivu kama bati jipya, na yakivunjika yanatoa vipande vya pembe nne kama sukari ya vidonge.

Sikia ajabu yake. Kabla hata ya valvu kuenea, galena ndiyo iliyokuwa sikio la redio. Mwanasayansi wa Kihindi, Jagadish Chandra Bose, alipata hataza ya Marekani mwaka 1904 ya chombo cha kunasa mawimbi kilichotumia galena. Watu walikuwa wanachukua kipande cha jiwe hilo, wanaligusa kwa ncha ya waya mwembamba, wanatafuta mahali penye bahati, na ghafla sauti inaingia kwenye spika ya sikioni. Bila betri, bila chochote! Jiwe linaruhusu umeme upite upande mmoja na kuukataza kurudi upande mwingine. Siyo chuma kinachopitisha kila kitu, wala siyo mbao inayokataa kila kitu. Liko katikati, na uzuri wake uko hapo hapo katikati.

Kwa hiyo jiwe la aina hiyo hiyo lilikuwa linapakiwa kwenye mabehewa hapa, linashuka Tabora, linafika Dar es Salaam na kuvuka bahari. Mgodi ukafungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, mji ukabaki, mashimo yakabaki.

NDUGU WA GALENA

Jemaniamu ni ndugu wa galena kwa tabia: nayo iko katikati. Iligunduliwa mwaka 1886 na Mjerumani Clemens Winkler, akaipa jina la nchi yake. Kwa zaidi ya miaka 50 dunia haikuona kazi kubwa ya kuipa. Ikakaa tu kama binti mzuri asiye na mchumba.

Mchumba akaja Desemba 1947. Katika maabara za Bell, kule New Jersey, Marekani, John Bardeen na Walter Brattain walichukua kipande cha jemaniamu, wakakigusa kwa ncha mbili za dhahabu zilizokaribiana sana, na umeme mdogo ukaanza kuamrisha umeme mkubwa. Fikiria koki ya bomba la maji: kidole kidogo kinageuza, maji mengi yanatii. Hiyo ndiyo transista. Valvu ilifanya kazi hiyo hiyo, lakini kwa moto na kioo. Transista inaifanya ikiwa imelala kimya ndani ya kikopo, na betri ndogo inatosha. Mwenzao William Shockley akaja na aina iliyo imara zaidi, na wote watatu wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1956.

Kwa nini jemaniamu na siyo silikoni, ambayo imejaa kwenye mchanga kila mahali? Sababu ni jiko. Jemaniamu inayeyuka kwenye nyuzi joto 938 hivi, silikoni inataka zaidi ya 1,400. Kwa vifaa vya wakati ule, jemaniamu ilikuwa rahisi kuyeyusha na kusafisha. Na usafi wenyewe siyo wa sabuni. William Pfann wa Bell alibuni njia ya kupitisha pete ya moto polepole kwenye mche wa jemaniamu, sehemu iliyoyeyuka ikausukuma uchafu mpaka mwisho, kama mtu anayefagia uwanja kuelekea getini. Unarudia na kurudia. Kisha ile ncha chafu unaikata na kuitupa.

Na jemaniamu ilitoka wapi? Usiende mbali. Vuka Ziwa Tanganyika, shuka kusini mpaka Katanga, karibu na Lubumbashi. Pale kuna mgodi wa Kipushi. Madini yake ya shaba na zinki yalikuwa na jemaniamu ndani, na katika miaka ya 1950 Kipushi ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya jemaniamu duniani. Ilisafirishwa Ubelgiji ikasafishwe. Kwa lugha nyingine, wakati dunia inaanza kuimba kwa transista, Afrika yetu hii ilikuwa ndani ya ngoma tangu mwanzo. Ila ilikuwa ndani kama jiwe, siyo kama fundi.

MJAPANI ASIYE NA KITU

Sasa geukia Japani. Vita vimeisha mwaka 1945, miji imechomwa, watu wana njaa. Mei 1946 jamaa wawili, Masaru Ibuka na Akio Morita, wanaanzisha kampuni ndogo Tokyo, mtaji yeni 190,000 na wafanyakazi 20 hivi. Jina lake Tokyo Tsushin Kogyo. Hawana mgodi, hawana mtaji wa maana.

Mwaka 1952 Ibuka akiwa safarini Marekani akasikia kwamba kampuni ya Western Electric inauza leseni ya kutengeneza transista. Bei: dola 25,000. Kwa kampuni yao hizo zilikuwa hela za kumfanya mtu aumwe tumbo. Morita akaenda kusaini mkataba mwaka 1953. Wamarekani wenyewe wakawashauri kwamba kitu hicho kinafaa kwa vifaa vya kusaidia viziwi kusikia. Redio? Wasahau.

Nyumbani nako kulikuwa na kikwazo. Pesa za kigeni zilikuwa chini ya wizara, na maofisa wa wizara hawakuona kwa nini kikampuni kama hicho kipewe dola za nchi. Wakubwa kama Toshiba na Hitachi walikuwepo, wakiongea na kampuni ya RCA ya Marekani. Hawa akina Ibuka ni akina nani? Longolongo likaendelea mpaka mwanzoni mwa 1954 ndipo ruhusa ikapatikana.

Hapo sasa msomaji, zingatia. Kwa dola 25,000 hawakununua kiwanda. Walinunua haki ya kujaribu. Mashine walipaswa kujitengenezea wenyewe. Basi Januari 1954 Ibuka akarudi Marekani pamoja na Kazuo Iwama, shemeji yake Morita. Iwama akabaki huko miezi kadhaa akitembezwa viwandani. Hakuruhusiwa kupiga picha. Alikuwa anaangalia, anauliza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, halafu usiku hotelini anaandika barua na kuchora kila alichokumbuka. Barua zikifika Tokyo, wenzake wanazisoma na kuunda mashine kwa kuangalia mchoro. Kabla Iwama hajarudi nyumbani, transista ya kwanza ya mkono wao ilikuwa imeshafanya kazi.

Yule mzee fundi alipofika hapa alimtazama kijana wake. "Umesikia? Barua na mchoro. Wewe una simu yenye kila kitu, unaangalia vichekesho."

Kijana akacheka, akaweka simu mfukoni.

KATIKA 100, 5 TU

Usidhani mambo yalinyooka. Transista ya redio inataka kasi, maana mawimbi ya redio yanatetemeka mara laki nyingi kwa sekunde. Ili jemaniamu ifanye kazi inatakiwa kwanza iwe safi kabisa, halafu ichafuliwe kwa makusudi, lakini kidogo sana, kama chumvi kwenye mchuzi. Wamarekani walitumia antimoni. Vijana wa Tokyo wakahamia fosforasi, ambayo wenzao wa Marekani walikuwa wameijaribu wakaiacha. Wakaharibu sufuria baada ya sufuria mpaka wakapata kipimo.

Ibuka alipoamua kuanza kuzitengeneza kwa biashara, katika kila transista 100 zilizotoka, nzima zilikuwa 5 hivi. Zinazobaki ni takataka. Mfanyabiashara wa kawaida angefunga duka. Yeye alisema kwamba kama 5 zinawezekana, basi hata nyingi zaidi zinawezekana. Kazi ni kutafuta kinachoharibu zile 95.

Na hata kwenye zile zilizoharibika kulikuwa na lulu. Kijana mmoja wa kampuni hiyo, Leo Esaki, alichunguza transista zilizozidishiwa fosforasi akaona umeme unafanya vituko visivyotegemewa. Ulikuwa mwaka 1957. Vituko hivyo vikampa Nobel mwaka 1973. Hebu fikiria, mtu kapata Nobel kwenye mchuzi uliozidi chumvi!

Redio yao ya kwanza ya majaribio, TR-52, iliwaaibisha. Ilikuwa na uso wa plastiki wenye vidirisha vingi, watu wakaifananisha na jengo la Umoja wa Mataifa. Joto lilipopanda, plastiki ikajikunja ikabanduka. Haikuuzwa madukani. Wakati huo huo Wamarekani walikuwa wameshawatangulia: redio ya Regency TR-1, yenye transista za Texas Instruments, ilitoka mwishoni mwa 1954 kwa dola 49.95. Wajapani walikuwa wa pili, na walijua.

Hawakulia. Mwaka 1955 wakatoa TR-55 ikiwa na chapa mpya, Sony. Kampuni ya Bulova ya Marekani ikaja na dili nono: inataka redio 100,000, ila ziuzwe kwa jina la Bulova. Ofisini Tokyo waliona ni neema. Morita akakataa. Alitaka jina lao lijulikane. Ukimwambia hivyo mtu mwenye njaa atakuita kichaa.

Mwaka 1957 ikaja TR-63, transista 6, ndogo kweli kweli. Walitangaza kuwa inaingia mfukoni. Tatizo, ilikuwa kubwa kidogo kuliko mfuko wa shati wa kawaida. Walifanyaje? Wakawashonea wauzaji wao mashati yenye mfuko mkubwa! Hiyo ndiyo biashara, mshkaji wangu.

Januari 1958 kampuni yenyewe ikabadilisha jina na kuitwa Sony. Mwezi huo huo wezi wakavunja ghala moja New York, wakabeba redio za Sony zipatazo 4,000, na redio za kampuni nyingine wakaziacha. Magazeti yakaandika. Tangazo gani la kulipia lingeshinda hilo?

WASICHANA WA TRANSISTA

Habari za mabosi tumezisikia. Lakini nani alikaa na koleo ndogo akaziunga hizo nyaya? Wengi walikuwa wasichana, mabinti wa vijijini waliomaliza shule ya kati wakiwa na miaka 15 au 16. Walipanda treni kwenda viwandani, wakalala mabwenini, na siku nzima wakainamia darubini wakiunganisha nyuzi nyembamba kama unywele kwenye punje ya jemaniamu. Japani ikawapa jina: wasichana wa transista.

Magazeti ya huko yaliwasifia kwa vidole vyepesi na macho makali. Sifa ni nzuri, lakini mshahara wao ulikuwa mdogo, na udogo huo ulikuwa sehemu ya siri ya bei rahisi ya redio ya Kijapani. Wengine walisoma madarasa ya jioni, wengine macho yalichoka, wengine wakaolewa wakaacha kazi. Majina ya mabosi yamo vitabuni. Majina ya mabinti hao hayamo. Kwa hiyo mtu akikusimulia maendeleo ya Japani kana kwamba yaliletwa na akili ya wanaume watatu waliovaa suti, muulize: na vidole vilikuwa vya nani?

Kufikia mwaka 1959 Japani ilikuwa inatengeneza transista zaidi ya milioni 80 kwa mwaka na kuipita Marekani iliyozibuni. Toshiba, Hitachi, Matsushita, Sanyo, Sharp, wote walikuwa wameingia uwanjani. Mwaka uliofuata, 1960, mgodi wetu wa Mukwamba ukazima taa.

IKAFIKA KWA BABU

Redio za transista zilipoingia Tanganyika, mambo yaligeuka. Ghafla mtu asiye na umeme aliweza kuwa na redio. Ikafungwa kwenye usukani wa baiskeli, ikapelekwa shambani, kilabuni, msibani. Matsushita, wenye chapa ya National, wakafungua kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, kikawa kinatoa betri na redio.

Serikali nayo ikaiona nguvu hiyo. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi, katikati redio, mkononi kijitabu, wakasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Bila redio ndogo ya betri, kampeni ya namna ile ingebaki Dar es Salaam.

Babu yangu alikuwa anaanika betri juani zikichoka. Sisi wajukuu tulikatazwa kupita mbele yake saa ya taarifa ya habari. Alikuwa hajui neno jemaniamu. Lakini alijua jambo moja: ile redio usiiache kwenye jua la saa saba. "Inachoka," alikuwa anasema.

Kumbe alikuwa sahihi! Jemaniamu haipendi joto. Kila joto linapopanda nyuzi 10 hivi, umeme unaovuja ndani ya transista unakaribia kuongezeka maradufu, sauti inakoroma, na ikizidi transista inakufa. Hiyo ndiyo sababu kubwa iliyofanya silikoni, inayovumilia joto zaidi, kuipiku katika miaka ya 1960 na 1970. Leo moyo wa simu yako ni silikoni.

MZEE APIMA

Turudi Makanyagio. Mzee alichukua mita yake, akagusa miguu ya kile kikopo cha 2SB. Namba ikaja: 0.2 na kidogo.

"Silikoni ingesoma 0.6 au zaidi," akamwambia kijana. "Silikoni ni mlinzi mkali, unamsukuma sana ndipo afungue mlango. Jemaniamu unagonga tu, anafungua. Ukiona 0.2, umekutana na mzee. Usimchome na pasi muda mrefu, ataungua."

Akazipima zote. Nzima! Baada ya miaka hamsini na ushei, nzima. Zilizokufa zilikuwa kapasita, zimekauka kama samaki. Mzee akachomoa tatu, akamkabidhi kijana pasi ya kuchomelea. "Weka wewe."

Kijana akashika pasi. Mkono ulitetemeka kidogo, halafu ukatulia. Moshi mwembamba ukapanda. Waya wa kuchomelea ule, kama hujui, kwa miaka mingi umetengenezwa kwa bati na risasi. Nikawaza: risasi! Jiwe la Mukwamba lilikwenda ng'ambo, na huenda ndugu zake wamerudi hapa kwenye karatasi ya duka, wanauzwa kwa mita.

Sikuwaza hivyo kwa sababu ya mambo ya zamani tu. Jemaniamu imerudi sokoni kwa nguvu. Inatumika kwenye nyaya za kioo zinazobeba intaneti, kwenye miwani ya kuonea gizani, na kwenye sola za satelaiti. Mwaka 2023 China, muuzaji mkuu, iliweka masharti ya kuiuza nje, na wanunuzi wakahaha. Mwaka 2024 mgodi wa Kipushi, uliofungwa mwaka 1993, ukaanza tena uzalishaji, na mwaka huo huo kule Lubumbashi wakaanza kutoa jemaniamu kwenye lile lundo la mabaki ya kiwanda cha shaba. Imekwenda wapi? Ubelgiji, kusafishwa. Njia ni ile ile ya babu.

Sisi hapa Tanzania tulipiga kelele za makinikia mwaka 2017, serikali ilipozuia kusafirisha mchanga wa madini nje. Kelele zilikuwa na haki yake. Lakini kuzuia jiwe lisitoke ni nusu ya kazi. Mjapani wa 1954 hakuwa na jiwe la kuzuia. Alikuwa na watu waliokubali kuharibu 95 ili kuzijua 5. Nusu hiyo ya pili haichimbwi.

REDIO YASEMA

Jua lilikuwa linazama mzee alipoweka betri mpya. Akageuza kitufe. Kwanza mvumo. Kisha mkoromo. Kijana akazungusha sindano polepole, mzee akiwa amemshika bega. Mara sauti ikaingia, ya mbali, ikizama na kuibuka kama mtumbwi ziwani, maana giza likiingia mawimbi ya kati husafiri mbali. Sikujua ni nchi gani. Lakini ilikuwa sauti ya mtu.

Hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwa nimekumbuka kofi la babu.

Nilipomuuliza mzee bei, alitaja hela kidogo mpaka nikaona aibu, nikaongeza. Kijana nikamuuliza: "Vipi, Ibindi bado?"

Akakuna kichwa. "Bado sijajua, kaka. Huko kuna hela ya haraka, hapa hela inakuja kwa kukohoa." Akaiangalia ile redio. "Lakini mzee, hebu nionyeshe tena ile ya 0.2."

Mzee akavuta kigoda karibu. Mimi nikaaga, redio kwapani, nikiwa nimeifunika na koti isije ikapigwa na vumbi la barabarani.

Kwa hiyo msomaji, ukienda kwenu likizo hii, angalia juu ya kabati la babu. Ukikuta redio ya zamani, usiiuze kwa wanunua vyuma chakavu. Ipeleke kwa fundi ikapimwe. Na ukiwa na mdogo wako anayependa kufunguafungua vitu, usimpige kofi. Mpe bisibisi.

Tukutane wiki ijayo.